Rangi mpya haitatibu kutu ya zamani

Likasi imeishi na asidi tangu ikiitwa Jadotville. Asidi ya salfuriki ndiyo inayotoa shaba na kobalti kwenye mawe, na inapodondoka kisha ikakutana na mvua za Novemba hadi Aprili, hula ngazi, mabomba na nguzo za mapaa. Ajabu ni kwamba asidi kali kabisa huhifadhiwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida. Ni ile iliyoingiwa na maji inayokitafuna haraka.

Kwa hiyo habari za rangi zenye nanochembe zinatuhusu. Rangi ya epoksi, ambayo ni aina ya polima, ikikauka huacha vitundu visivyoonekana, na maji na oksijeni hupenya humo hadi kwenye chuma. Chembe za silika zenye upana usiofika nanomita 100 (unywele mmoja ni takribani nanomita 80,000) huziba vitundu hivyo na kuyarefushia maji njia. Asilimia chache tu za uzito zinatosha. Zikizidi hugandamana, zikaacha mianya mipya.

Si kila chembe inatufaa, lakini. Oksidi ya zinki, inayosifiwa sana kwingine, huyeyuka katika asidi. Mnunuzi asiyeuliza hilo atalipa bei ya juu kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya chumvi ya bandarini.

Gazeti hili halipingi teknolojia hiyo. Tunachohofia ni kuipaka juu ya kutu. Rangi yoyote, hata ya bei mbaya, hubanduka ikiwa chuma hakikusafishwa, na kusafisha ndiko hurukwa mkaguzi anapokuwa mbali. Mikataba ya ukarabati iseme wazi: chuma kisafishwe hadi kiwe kitupu, unene wa rangi upimwe kwa kifaa, na majibu wapewe pia wafanyakazi wanaozipanda ngazi hizo kila siku. Wanaopuliza mchanga wapewe vifaa vya kupumulia, maana vumbi la silika huharibu mapafu na ugonjwa wake hauna tiba.

Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakiko mbali. Kipewe vibao vya chuma vilivyopakwa rangi tofauti, vitundikwe karibu na viwanda vyetu kwa majira mawili ya mvua, kabla ya mtu yeyote kutia saini ya kununua.