Sebule ya Wageni, Jiko la Mama

Krismasi ya 2023, nyumbani kwetu Sola, tulizindua sebule. Tulikuwa ndugu watano, tumechangishana kwenye kundi la WhatsApp mpaka tukapata dari la jipsamu, makochi ya kahawia na runinga ya inchi 43. Wageni waliingia, wakasifu, wakala. Chakula kilitoka kwenye kibanda cha nyuma, ambako mama alichuchumaa mbele ya mafiga akipuliza mabua ya pamba huku machozi yakimtoka. Nilimpiga picha. Nikaiweka mtandaoni na maneno "Nyumbani ni nyumbani." Watu wengi waliipenda, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke wa miaka 61 analia akipika. Hata mimi sikujiuliza.

Kwa hiyo ugomvi wangu hapa ni na sisi tuliosoma, nikianza na mimi mwenyewe.

Tuna tabia ya kuuita moshi "asili". Tunasema chakula cha kuni kina ladha yake, kisha tunarudi mjini kupikia gesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mama yangu amekohoa tangu nikiwa darasa la nne. Nyumbani tuliita mafua.

Wengine watasema: subirini gesi inakuja. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauunga mkono. Mwezi huo huo nikamnunulia mama mtungi wa kilo 6, ule wenye jiko juu yake. Ugali wa watu tisa ulipofika pa kusongwa kwa nguvu, mtungi ukayumba. Michembe nayo haina haraka, inataka moto wa muda mrefu. Gesi ikaisha kabla ya wiki tatu, na hela ya kujaza ikasubiri pamba iuzwe. Mtungi ukawa kigoda cha kuwekea ndoo. Kati ya leo na 2034 kuna milo mingi ya kupikwa, na atakayeipika atakuwa anavuta kitu fulani.

Agosti nikachukua likizo ya siku kumi. Nilibomoa mafiga. Nikachanganya udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, nikauacha siku mbili ulainike. Nilitaka jiko la kufika kiunoni, kama nilivyoona kwenye video. Mama akaniangalia, akacheka.

"Mwanangu, ugali unasongwa kwa mgongo na miguu. Huko juu nitausongea wapi?"

Tukajenga la kufika magotini. Matundu mawili tuliyapima kwa sufuria zake mwenyewe, kubwa mbele, ndogo nyuma, ili moto uliopita chini ya ugali ukachemshe mboga ndipo moshi utoke. Bomba tulilipitisha ukutani na kulipandisha kwa nje, maana bati likitobolewa litavuja masika. Nilitoboa dirisha upande wa pili, nikapiga chokaa kuta zilizokuwa nyeusi kama sufuria, nikasakafia sakafu.

Bomba la bati, shilingi 15,000. Mfuko wa saruji, 19,000. Chokaa, 8,000. Wavu wa dirisha, 6,000. Jumla 48,000. Udongo, mchanga na samadi ni vya kwetu. Kochi moja tu la sebuleni lilitugharimu zaidi ya mara tano ya hapo.

Basi tusisingizie umaskini. Tulikuwa na hela, tukaipeleka pale mgeni anapoona. Baba mdogo alinikuta nakanyaga udongo akasema hiyo ni kazi ya kike. Nikamuuliza kama ugali wa jiko hilo nao ni wa kike, maana anaula kila siku. Hakunijibu, ila jioni alileta toroli la mchanga.

Sitawadanganya. Jiko la udongo si nishati safi. Wakati wa kuwasha bado linatoa moshi kidogo, na lazima bomba lisafishwe masizi. Kikohozi cha mama kimepungua, hakijaisha. Miaka arobaini ya moshi haifutwi na bomba. Lakini sasa anapika macho yakiwa wazi, mabua yanayotumika ni machache, na wajukuu wanakaa naye humo wakisubiri ukoko. Gesi ikija, itamkuta kwenye jiko lenye dirisha.

Wewe unayesoma haya kwenye simu ya laki nne, likizo ijayo ingia jikoni kwenu kabla ya kuketi sebuleni. Kaa humo tangu moto unapowashwa mpaka ugali unapoepuliwa. Halafu muulize anayepika angependa nini kibadilishwe, na ufanye anavyosema yeye.

Kundi letu la WhatsApp sasa linachangisha geti la chuma. Nimeandika kwamba shilingi yangu haitoki mpaka jiko la shangazi lipate bomba. Hii ni siku ya nne hakuna aliyejibu, ila shangazi amenipigia kuuliza udongo wa kichuguu unachotwa upande gani.