Mtihani Unafika, Kitabu Hakifiki

Siku ya mtihani wa Taifa, mwanafunzi asiyeona wa Tanzania hukumbukwa. Baraza la Mitihani humwandalia maswali kwa nukta nundu, mwenzake mwenye uoni hafifu hupewa maandishi yaliyokuzwa, na wote wawili huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni utaratibu mzuri, na walioupigania wanastahili pongezi. Lakini unazaa swali zito. Serikali inayoweza kumfikishia mtoto maswali kwa nukta nundu inashindwaje kumfikishia kitabu cha kujiandalia maswali hayo?

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, ukaja na vitabu vipya. Kila mtaala unapobadilika, shule yenye wanafunzi wasioona hurudi mwanzo, kwa kuwa majuzuu ya nukta nundu iliyoyakusanya kwa miaka hayalingani tena na kinachofundishwa. Na kitabu cha nukta nundu hakitengenezwi kwa siku moja. Kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa ya karatasi nene. Picha lazima zielezwe kwa maneno au zichorwe kwa mistari inayopapasika, kisha mtu ahakiki kila ukurasa kwa vidole. Kazi hiyo ikianza baada ya kitabu cha kawaida kusambazwa, mtoto atakuwa amekwishavuka darasa.

Kwa hiyo ianze mapema. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo cha serikali yenyewe, na hivyo hakuna mchapishaji wa kubembelezwa. Hata kwa vitabu vya wengine, Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kazi zenye hakimiliki kugeuzwa ziweze kusomwa na wasioona. Mswada wa kitabu ukiidhinishwa, nakala yake ya kompyuta iende siku hiyohiyo kwa wachapaji wa nukta nundu. Na kitabu kisihesabiwe kuwa kimekamilika mpaka nakala ya nukta nundu iwe tayari.

Fedha nazo zisemwe waziwazi. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Mashine mpya ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, inazidi shilingi milioni moja. Mwalimu mkuu hata akusanye ruzuku ya mwaka mzima ya watoto mia moja, hainunui. Ndiyo maana vifaa hivi vimekuwa vikitegemea wafadhili, na mfadhili akiondoka, mashine ikiharibika hubaki kabatini. Vifaa hivi vinahitaji fungu lake kwenye bajeti ya Wizara ya Elimu, pamoja na fundi wa kuvitengeneza.

Wapo wanaosema simu na kompyuta zimemaliza tatizo. Kweli zimesaidia sana: NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyobuniwa na vijana wawili wasioona wa Australia, inaweza kusoma Kiswahili kwa sauti. Hata hivyo, mtoto anayesikiliza tu hajifunzi tahajia, wala hajui mkato unakaa wapi au sehemu ya Hisabati inaandikwaje. Kusoma kwa vidole ndiko kusoma kwake.

Yapo pia yasiyohitaji bajeti. Mwalimu anayeandika ubaoni huku akisema “chukua hii, toa hii, unapata hii” amewafundisha wanaoona peke yao. Akitamka “kumi na nane toa saba” amewafundisha wote, wala hakutumia hata shilingi. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, anahitaji kukaa mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, na ruhusa ya kusogea hadi ubaoni bila kuchekwa. Wengi wao wanaweza kusoma maandishi makubwa. Inauma kwamba baadhi yao wamewekwa kwenye madarasa ya nukta nundu, wakazisoma nukta hizo kwa macho kwa sababu hakuna aliyewapima uoni wao.

Kuhusu shule maalumu na shule jumuishi, mjadala ni mrefu, nami nina upande. Buigiri, Dodoma, imefundisha wasioona tangu mwaka 1950, na shule za namna hiyo bado zinahitajika kwa miaka ya mwanzo, mtoto anapojifunza nukta nundu na kutembea kwa fimbo nyeupe. Najua bweni humtenga mtoto mdogo na mama yake, na hilo si jambo dogo. Lakini kumwandikisha katika shule ya kijijini isiyo na mwalimu mwenye ujuzi wala kitabu, kisha kuita hiyo elimu jumuishi, ni kumdanganya yeye na wazazi wake. Heri kila halmashauri ianze na shule moja ya kutwa iliyokamilika, yenye walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, kisha iongeze nyingine.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na haki ya kusoma imo ndani yake. Wabunge watakapoketi kujadili bajeti ya Elimu, wamwombe Waziri orodha ya vitabu vya mtaala mpya vilivyokwishachapwa kwa nukta nundu, darasa kwa darasa, na tarehe ambayo vilivyobaki vitafika shuleni.