Hisabati si milki ya wavulana

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na Hisabati ikagawanyika mara mbili. Ipo ile kamili, iliyowekewa wanaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi. Na ipo ile nyepesi, ya wanaosoma sayansi za jamii au sanaa na michezo. Hatuna ugomvi na mgawanyo huo. Ugomvi wetu ni na yeyote amsukumaye msichana kuelekea ile nyepesi kabla ya kumpima uwezo wake, kwa hoja chakavu kwamba hesabu ni za wavulana.

Anayetaka jibu la hoja hiyo hana haja ya kuvuka bahari. Jirani zetu Watanzania wanaye Profesa Verdiana Masanja. Alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma katika Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Jangwani, Dar es Salaam, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu katika hisabati na fizikia mwaka 1976. Mwaka 1981 alipata shahada ya uzamili chuoni humo. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, akatunukiwa uzamivu mwaka 1986. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada hiyo katika hisabati.

Alitafiti nini? Mwendo wa viowevu ndani ya bomba. Si kila kiowevu hutiririka kama maji. Rangi ya ukutani na damu, kwa mfano, hubadili mnato wake kadiri zinavyosukumwa. Masanja alichunguza viowevu visivyotii kanuni ya maji, kwa milinganyo ambayo ufumbuzi wake hutafutwa kwa kukokotoa tarakimu hatua kwa hatua. Katika nchi ya Ukambani, ambako kila mtungi wa maji una thamani, nani athubutu kusema kwamba elimu ya mabomba na viowevu haimhusu msichana, ilhali ndiye atumwaye mtoni?

Wala hakujifungia na milinganyo yake. Ameandika kuhusu ushiriki wa wanawake katika sayansi, na amekuwa makamu wa rais wa Muungano wa Wanahisabati wa Afrika, kanda ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2006 alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda.

Atatokea wa kusema kwamba huyo ni mmoja, tena mwenye kipaji cha pekee. Na iwe hivyo. Lakini kipaji hicho kilihitaji miaka kumi, tangu shahada ya kwanza hadi ya uzamivu, na kabla ya hapo kilihitaji darasa la sekondari ambamo msichana aliachwa aendelee na hesabu. Angalihamishiwa somo jepesi akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, safari ingalikoma papo hapo, na hakuna ambaye angalijua kilichopotea. Hasara ya namna hii haionekani katika orodha yoyote ya matokeo.

Machakos ni mji wa elimu. Una Chuo cha Ualimu, na una Chuo Kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016. Walimu wanaofunzwa hapa hutawanyika nchi nzima, pamoja na mazoea yao, mema kwa mabaya. Kwa hiyo tunawasihi: msichana asibadilishiwe mkondo kwa sababu ya muhula mmoja mbaya. Zitazamwe alama zake za miaka kadhaa, aulizwe mwenyewe anataka nini, na aelezwe wazi ni kozi zipi za chuo kikuu atakazojifungia akiiacha Hisabati kamili. Wazee walinena, udongo uwahi uli maji.

Nanyi wasichana, anayewaambia kwamba hesabu si zenu mwombeni ushahidi. Mkishindwa na swali leo, lirudieni kesho. Mwalimu yupo, na muda ungalipo.