Shimo Likifungwa, Mchimbaji Aende Wapi?



Wengi wenu mmepata kusikia ya kuwa Ulaya wanaacha makaa ya mawe na kushika umeme wa upepo na wa jua. Hewa itakuwa safi, nasi hatuna ugomvi na jambo hilo. Lakini sisi watu wa chama swali letu ni lile lile: mtu aliyekuwa akishuka shimoni kila alfajiri, sasa atakula wapi?

Tazameni Ujerumani. Mwaka 1957 watu zaidi ya 600,000 walikuwa katika kazi ya makaa magumu. Tarehe 21 Desemba 2018 shimo la mwisho, Prosper-Haniel huko Bottrop, lilitoa bonge lake la mwisho. (Makaa laini ya kahawia bado yachimbwa, sheria ya 2020 imeweka mwisho wake 2038.) Tusidanganyane, si upepo tu uliowashinda: makaa ya ng'ambo yalikuwa rahisi kuliko yao. Hata hivyo Serikali, kampuni na chama cha wachimbaji walikwisha kupatana tangu 2007, yaani miaka 11 mbele. Wazee wakapewa malipo ya kustaafu mapema, vijana wakahamishwa au kufundishwa kazi nyingine.

Jirani zao wa Poland walikuwa na wachimbaji zaidi ya 300,000 mwaka 1990. Leo hawafiki 80,000. Huko vyama vilitia sahihi mapatano na Serikali katika Mei 2021, mashimo yafungwe moja moja hata 2049, na wachimbaji wahakikishiwe kazi mpaka pensheni. Wako wasemao miaka hiyo ni mingi mno, tena makaa yao yachimbwa kwa hasara. Huenda ni kweli. Lakini karatasi ipo, nayo ina sahihi.

Uingereza haikuwa hivyo. Wachimbaji waligoma tangu Machi 1984 hata Machi 1985, wakarudi kazini pasipo mapatano yo yote. Mashimo yakafungwa upesi upesi, na vijiji vizima vikabaki bila kazi.

Na sisi je? Sheria yetu ya Kazi ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka tajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwezi mmoja! Wala sheria haikatazi kupatana zaidi ya hayo. Makatibu wa matawi, mkikaa na matajiri kutengeneza mapatano mapya, daini notisi ndefu na gharama ya kufundishwa kazi nyingine, nayo iandikwe wakati tajiri angali anapata faida.