Nafuu ya Ekwiti Si Huruma ya Jaji

Wanaopinga nafuu ya ekwiti, yaani ile ambayo mahakama hutoa kwa misingi ya haki pale fidia ya pesa isipotosha, katika mikataba ya ardhi nchini Kenya wamesema mengi, na baadhi yao ni mawakili waliobobea. Hoja zao mmezisikia. Naomba leo mzipime kama mahakimu, hoja moja baada ya nyingine.

Wanasema kwanza kwamba ekwiti ni hiari ya jaji: akikuonea huruma unapata, asipokuonea unakosa. Ni kweli kwamba nafuu hizi hazidaiwi kama deni, iwe ni amri ya kutekeleza mkataba kama ulivyokubaliwa, zuio, kufuta mkataba uliopatikana kwa udanganyifu, au kurekebisha hati iliyokosewa. Lakini hiari hiyo ina mipaka inayojulikana. Anayeomba zuio la muda Nairobi hupimwa kwa vigezo vya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kesi yenye dalili ya kushinda, hasara isiyofidika kwa pesa na, mahakama ikibaki na shaka, nani ataumia zaidi. Akienda Dar es Salaam atakutana na Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, yenye vigezo vinavyokaribiana sana na hivyo. Tazameni pia kesi ya Argyll, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1997. Kampuni ilifunga duka lake kubwa kwa makusudi, kinyume cha ahadi iliyo wazi kwenye mkataba wa pango. Majaji walikataa kuamuru lifunguliwe, kwa sababu mahakama ingelazimika kusimamia biashara siku hadi siku, na aliyelikodisha jengo angeweza kulipwa fidia. Uvunjaji haukuwa na ubishi, na bado mlalamikaji alikosa amri aliyoitaka. Hayo ni matokeo ya kanuni inayomfunga jaji hata pale anapoona wazi nani amekosewa.

Wanasema pia kwamba ekwiti inavunja heshima ya mkataba. Hapa wanajipinga wenyewe. Ni nani hasa aliyeuvunja? Muuzaji amepokea bei yote, amemwonyesha mnunuzi mipaka, amemwacha ajenge. Bei ya ardhi ilipopanda akakataa kuhamisha hatimiliki. Mnunuzi anaomba jambo moja tu, lile waliloandikiana. Huwezi kumwombea muuzaji aachiwe huru na ahadi yake, papo hapo ukajiita mtetezi wa mikataba.

Basi wanakimbilia pesa: mkataba ukivunjika, fidia inatosha. Mara nyingi inatosha, na ndiyo maana ekwiti haiingii mpaka fidia ishindwe. Aliyenyimwa magunia ya mahindi atanunua mengine. Ploti yenye nyumba na kaburi la mzazi haina mwenzake sokoni. Na hata pale ambapo kinachodaiwa ni pesa tupu, fidia inaweza kushindwa. Katika kesi ya Beswick, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1967, mpwa alichukua biashara ya makaa ya mjomba wake kwa ahadi kwamba mjomba akifa, mjane atalipwa pauni 5 kila wiki. Mjomba alipofariki, mpwa alilipa mara moja, akaacha. Mjane akashtaki kama msimamizi wa mirathi, na mirathi yenyewe haikuwa na hasara ya kuhesabika, kwa hiyo fidia ingekuwa ya jina tu. Majaji wakaamuru mpwa alipe kama alivyoahidi.

Hoja yao nzito ni ile ya sheria iliyoandikwa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, kifungu cha 6, inasema muamala wa ardhi ya kilimo usio na idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ni batili kwa madhumuni yote. Kifungu cha 7 kinamruhusu mnunuzi kudai pesa zake kama deni. Bunge limeshasema, wanahitimisha, na ekwiti haiwezi kulipinga. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa yenyewe ilitofautiana: jopo moja liliwalinda wanunuzi 88, jopo jingine likasema ekwiti haina nafasi mbele ya kifungu cha 6.

Nakubali kwamba ekwiti haifuti sheria. Swali ni hili: sheria imefuta nini? Kifungu cha 6 kinabatilisha makubaliano. Amana ambayo mahakama humtwika muuzaji, yaani wajibu wa kuishika ardhi kwa faida ya mnunuzi, haitoki kwenye makubaliano hayo. Inatoka kwenye mwenendo wake. Amechukua pesa, amekabidhi ardhi, ametazama msingi ukichimbwa na paa likiezekwa, kimya. Wapinzani hujibu kwa kifungu cha 6(2), kinachohesabu tamko la amana kuwa muamala unaohitaji idhini. Kisomeni tena. Tamko ni tendo la mtu. Amana hii hakuna aliyeitamka. Imewekwa na mahakama, tena mwenye ardhi akiipinga. Bodi ingeombwaje idhini ya tendo ambalo hakuna aliyelitenda? Na Bunge lenyewe, katika kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, lilipotaka mkataba wa ardhi uandikwe, usainiwe na ushuhudiwe, liliongeza kwamba sharti hilo haligusi amana za namna hii.

Mwaka 2018 jopo jingine la Mahakama ya Rufaa lilichagua kumlinda mnunuzi, likiegemea Katiba ya 2010, ibara ya 10, inayoitaja ekwiti kati ya maadili ya taifa. Wanaoiita ekwiti mabaki ya ukoloni, kwa kuwa sheria yetu inaipokea kutoka Uingereza kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti 1897, wanaisahau ibara hiyo. Wakenya waliipigia kura wenyewe.

Kimebaki kifungu cha 22, wanachokitaja mwisho kwa kujiamini: kuingia kwenye ardhi, au kubaki humo, ili kuendeleza muamala uliobatilika ni kosa la jinai. Ni kweli. Lakini kifungu hichohicho kinamtaja pia anayepokea pesa. Muuzaji anayekiinua mbele ya jaji alizipokea. Sasa anataka kifungu kinachomtia hatiani yeye mwenyewe kimrudishie shamba, pamoja na nyumba iliyojengwa na mwenzake, naye arejeshe shilingi zilezile alizolipwa siku ambayo ekari moja haikuwa na bei ya leo.