MRI inaona diski, haioni tarehe

Agosti 2025 Ter Stegen alivuliwa unahodha wa Barcelona kwa kugoma kusaini ruhusa ya ripoti ya mgongo wake kwenda La Liga, aliposaini, akarudishiwa. Ishu ilikuwa muda: kipa alitaja miezi mitatu, klabu ilihitaji zaidi ya minne ili mshahara wake utoe nafasi ya kumsajili Joan García.

MRI za kisasa za Tesla 3 zinaonyesha diski na neva kwa undani, hata mfupa uliochoka kabla haujapasuka. Lakini mwaka 1994 watafiti Marekani waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo: asilimia 64 wakakutwa na kasoro kwenye diski.

Yaani picha peke yake haitaji siku ya kurudi uwanjani. Hiyo waamue daktari na mchezaji, siyo mhasibu wa klabu.