Mifumo Isomane Newala na Masasi, Siyo Dodoma Peke Yake

Vijana wenzangu, leo naomba tuweke pembeni habari za kadi na mikutano. Tuongee kuhusu daftari.

Lile la kurasa chache unalonunua dukani nje ya geti la hospitali. Unaandika jina juu, daktari anaandika ndani: ugonjwa, vipimo, dawa, tarehe ya kurudi. Kwetu Newala hilo daftari ndilo historia yako yote ya matibabu. Likilowa, likipotea, mtoto akilichorea picha za magari, wewe ni mgonjwa mpya kabisa.

Mwaka juzi mama yangu mdogo alizidiwa usiku. Ana presha, na alikuwa anatibiwa kwenye kituo kimoja huku juu kwa miaka. Tukatafuta gari ya kukodi, tukashuka naye mteremko kuelekea upande wa Masasi. Kwa haraka ile daftari likabaki chini ya godoro. Tulipofika daktari akauliza: anatumia dawa gani? Mimi nikajibu vidonge vyeupe vidogo. Binamu yangu akabisha, eti vya njano. Basi huo ndio ushahidi tuliompa daktari kuhusu mtu aliyekuwa hajitambui.

Kituo alichokuwa anatibiwa kina kompyuta. Hospitali tuliyofika ina kompyuta. Jina lake lilikuwa kwenye zote mbili kabla hata hatujapaki gari, maana aliwahi kulazwa pale zamani. Lakini hakuna aliyeweza kubonyeza akaona. Vipimo vya wiki mbili zilizopita vikarudiwa, tukalipa upya, na saa nzima ikaenda. Mama mdogo yupo, tunamshukuru Mungu. Wala simlaumu daktari yule, alifanya alichoweza na maelezo ya vidonge vyeupe.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanakimbilia kusema Serikali haina mifumo. Si kweli, na sisi wapinzani tukisema hivyo tutaumbuka. Mifumo ipo, tena imezidi. Tuna MTUHA, yale madaftari makubwa yenye namba yanayojazwa zahanati tangu miaka ya 1990. Tuna DHIS2, ambayo programu yake asili ni Chuo Kikuu cha Oslo, na kufikia mwishoni mwa 2013 ilikuwa imesambazwa nchi nzima kwa ajili ya ripoti za MTUHA. Kuna eLMIS ya kuagiza dawa Bohari ya Dawa. Kuna GoTHoMIS ya TAMISEMI ya kuhudumia wagonjwa na kukusanya mapato. FFARS ya hesabu za kituo. Wagonjwa wa CTC wana mfumo wao, chanjo wao, bima wao. Nenda zahanati yoyote ya kijijini umwangalie nesi mmoja, ambaye pia ndiye mkunga na ndiye mtoa dawa, halafu uhesabu mara ngapi anaandika jina la mama mmoja aliyekuja na mtoto mmoja.

Na hiyo kazi yote inakwenda wapi? Inakwenda juu. Zahanati inapeleka ripoti halmashauri, inaingizwa kwenye DHIS2, mkoa unaona, Dodoma inaona. Wizara ilishajenga hata kiunganishi cha kupokea taarifa kutoka mifumo ya hospitali na kuziingiza kwenye mifumo ya kitaifa. Ni kazi ya maana, sibezi. Waziri akitaka kujua wajawazito wangapi walihudhuria kliniki Newala mwezi uliopita, anapata jibu. Ila daktari wa Masasi akitaka kujua mjamzito mmoja, huyu aliyelala mbele yake, ana kundi gani la damu, arudi kwenye kadi ya karatasi. Kama ipo.

Hapo ndipo ninapogombana na wimbo wa "mifumo isomane". Rais ameagiza, Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, mamlaka ya kuisimamia ipo. Lakini kusomana kunapimwa kwa mkubwa kupata takwimu. Mimi nataka kupimwe kwa mgonjwa kuvuka mpaka wa halmashauri.

Maana huku kwetu ramani iko hivi. Masasi na Newala ni halmashauri nne: Masasi Mji, Masasi Wilaya, Newala Mji, Newala Wilaya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI. Ndanda, ambako watu wa uwandani wameshuka kutibiwa tangu enzi za wamisionari, ni ya Kanisa Katoliki. Ukipewa rufaa kwenda Ligula kule Mtwara, umeingia Wizara ya Afya. Yaani mtu mmoja, ugonjwa mmoja, ndani ya mkoa mmoja, anapita kwa wenye mali watatu. Kila mmoja anamwandikisha upya na kumpa namba yake.

Na inawezekana kurekebisha, usidanganywe. CHF ya zamani ilikuwa hivyo hivyo: umelipia kwenye halmashauri yako, ukivuka tu kadi inakuwa kipande cha karatasi. CHF iliyoboreshwa ilipokuja 2018, kaya ya watu sita kwa 30,000, kadi ikaruhusiwa kutumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Malalamiko ya CHF nayajua, dawa hamna na foleni za wenye kadi, tutayaongea siku nyingine. Ninachosema ni kwamba haki ya kulipiwa ilivuka mpaka wa halmashauri. Maelezo ya ugonjwa yakabaki nyuma.

Tazameni na korosho. Mkulima wa Newala ameandikishwa na Bodi ya Korosho, ana namba, na kwa namba hiyo anapata salfa ya ruzuku. Akipeleka mzigo AMCOS, kilo zinajulikana, makato yanajulikana, na msimu wa 2024/25 minada ikaanza kufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX. Korosho ya babu yangu inafuatiliwa kutoka ghala la kijiji mpaka kwa mnunuzi. Babu mwenyewe akishuka Masasi na kifua, hana rekodi. Kwenye korosho kuna makato na ushuru, kwa hiyo watu walihakikisha mfumo unafanya kazi. Sijui niseme nini zaidi hapo.

Halafu sisi si watu wa kupuuzwa kwenye suala hili. Chikungunya, huo ugonjwa ambao leo unasumbua mpaka Asia na Amerika, ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 hapa hapa, kwenye vijiji vya Newala, Masasi na jirani zake. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linaeleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, waliochapisha maelezo ya mlipuko ule mwaka 1955, hawakuishia kuhesabu wagonjwa. Waliangalia nani kaugua kijiji gani, na Lumsden akatazama namna watu wa uwanda usio na maji wanavyohifadhi maji majumbani, ambamo mbu wanazaliana. Habari za mgonjwa, za kijiji na za maji zikawekwa meza moja, tena kwa karatasi na kalamu. Leo tuna kompyuta na taarifa hizo hizo ziko kwenye ofisi tofauti.

Lakini wapo watakaoniuliza, na nimeshaulizwa: wewe mpinzani unataka Serikali hii ikusanye siri zetu zote sehemu moja? Swali zito. Kuna watu wanaoishi Newala wanaochukua ARV Masasi kwa makusudi, ili jirani anayefanya kazi hospitali ya karibu asiwaone. Ukiunganisha mifumo kwa papara, umewaanika, na wengine wataacha dawa. Kwa hiyo kuunganisha kuwe na masharti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, tuanzie hapo. Mgonjwa akubali. Kila anayefungua faili aache jina lake na saa, na mgonjwa awe na haki ya kuuliza nani aliingia. Dharura iwe na njia yake, lakini nayo iandikwe.

Na namba ya mgonjwa isiwe NIDA peke yake. Sisi tunaopakana na Msumbiji kwa Mto Ruvuma tunajua watu wanavyozungushwa kuhusu uraia wakifuata namba hiyo. Mama mwenye uchungu asikwame mapokezi kwa sababu ya karatasi ya uhamiaji.

Vikao vya bajeti za halmashauri viko mwanzoni mwa mwaka. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, nendeni mkakae. Kabla ya hapo mfuateni diwani wako, awe wetu awe wa chama tawala, mpeni maswali haya akaulize: vituo vingapi kwenye kata yetu vina umeme wa uhakika na intaneti inayolipiwa? Nani analipia bando, kituo au nesi mfukoni mwake? Kituo kikianza kutumia kompyuta, kwa nini nesi bado anajaza na daftari la MTUHA kwa jambo lile lile, na litaachwa lini? Mgonjwa wetu akipewa rufaa kwenda Ndanda au Mkomaindo leo usiku, taarifa zake zinafikaje? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, halafu mtutumie tuyaweke hapa, kata kwa kata.